Viungo 187 vya usiku mmoja: kisa cha mchoro wa makala za Lamu

Kikundi kinachotunza kumbukumbu za Mji wa Kale wa Lamu kilihitaji mchoro kabla ya kuandaa warsha ya uandishi wa Wikipedia ya Kiswahili. Mchoro huo ulipaswa kuonyesha jinsi makala 40 zinazohusu visiwa vya Lamu zilivyounganishwa, na pengine kutenganishwa, mwaka hadi mwaka tangu Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza mwaka 2003. Swali lilikuwa la kazi: msomaji anayesoma juu ya utenzi, majahazi, Wabajuni au Usultani wa Zanzibar, je, anaweza kubofya akafika Pate, Siyu, Faza au Takwa? Au makala za visiwa hivi zimefungwa kwenye makala ya "Kenya" tu, zisijuane zenyewe kwa zenyewe? Jibu ndilo lingeamua waandishi wapewe kazi gani.

Mchoro wa kwanza ulitoa jibu la kufurahisha. Kwa miaka kadhaa zinaonekana nyuzi chache, halafu ghafla viungo 187 vipya vinazuka na visiwa vyote vinashikana. Aliyeutazama angesema kwamba siku zile Lamu ilipata waandishi. Ukweli ni kwamba hakuna hata sentensi moja iliyoandikwa wakati huo ikaunganisha kisiwa na kisiwa. Uchambuzi huu unavifuata viungo hivyo 187 mpaka viishe, kwa sababu kosa lililovizaa ndilo linaloharibu michoro mingi ya aina hii. Katika Wikipedia ndogo kama yetu, ambamo viungo vya sentensi bado ni vichache, kosa hilo linafunika kila kitu kingine.

Kiungo hakina historia yake

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, huweka viungo katika jedwali liitwalo pagelinks. Ndilo linalojibu unapobofya "Viungo viungavyo ukurasa huu". Lakini jedwali hilo linajua leo tu. Makala ikihaririwa, viungo vilivyoondoka hufutwa humo na vipya huongezwa, bila safu yoyote ya tarehe. Kinachohifadhiwa kwa muda wote ni maandishi: kila pitio la kila makala, yaani sura yake iliyohifadhiwa kila ilipohaririwa, pamoja na saa yake na jina la mhariri. Kwa hiyo historia ya viungo haipakuliwi ikiwa tayari. Hujengwa upya kutoka kwenye maandishi.

Kuna njia mbili za kuijenga. Ya kwanza ni kuiomba seva iandae pitio la zamani kama ukurasa kamili, yaani action=parse pamoja na oldid, kisha kuokota viungo vyote vilivyomo. Ya pili ni kuchukua maandishi ghafi na kuyachambua mwenyewe. Njia ya kwanza ni nyepesi, na ndiyo iliyotumika kwa mchoro wa kwanza. Mtego wake ni huu: seva huchukua maandishi ya zamani, lakini vigezo vilivyomo, yaani vipande vinavyoandikwa mara moja na kutumiwa katika kurasa nyingi, hujazwa kwa sura yao ya leo.

187, 110, sifuri

Usiku mmoja mhariri alitengeneza kigezo cha urambazaji, lile sanduku linalokaa chini ya makala likiorodhesha mahali pa kaunti. Usiku ule sanduku lilikuwa na majina 11, naye akalibandika kwenye makala hizo 11. Baadaye wengine wakaongeza majina, na leo yako 18. Programu yetu ilipoomba mapitio ya usiku ule, kila moja ya makala 11 ilijazwa sanduku la leo. Ukurasa haujiungi wenyewe; jina lake ndani ya sanduku hugeuka maandishi mazito tu. Basi kila makala ilipata viungo 17, na 11 × 17 ni 187.

Kati ya hivyo, 77 havikuwapo kabisa. Vilielekea majina saba ambayo usiku ule hayakuwa ndani ya sanduku, na mengine hata makala zake hazikuwa zimeanzishwa. Ukivitoa unabaki na 11 × 10, yaani 110. Hivi 110 ni vya kweli kwa maana kwamba msomaji wa usiku ule angeweza kuvibofya. Lakini vyote vilizaliwa na mstari mmoja uliobandikwa mara 11. Vilivyotoka kwenye sentensi, ambamo mtu anaeleza kwamba magofu ya Takwa yako kisiwani Manda au kwamba Shanga iko kisiwa cha Pate, ni sifuri.

Kwa makala 40 viungo vyote vinavyowezekana ni 40 × 39, yaani 1,560, kwa hiyo kigezo kidogo cha majina 11 kinajaza asilimia 7 ya nafasi hizo kwa usiku mmoja. Kigezo cha kaunti zote 47 za Kenya, kikibandikwa kwenye makala zote 47, huzaa 47 × 46, yaani viungo 2,162. Hakuna mwandishi anayeweza kushindana na hesabu hiyo.

Tatizo lina upande wa pili ambao watu huusahau. Jina la 12 lilipoongezwa ndani ya kigezo, makala 11 zilipata kiungo kipya bila hata moja kuhaririwa. Ukifungua historia zake huoni kitu. Anayechambua maandishi ya makala peke yake atavikosa viungo hivyo, na anayetumia action=parse atavirudisha nyuma hadi siku sanduku lilipobandikwa. Dawa ni kukichukulia kila kigezo cha urambazaji kama ukurasa wenye historia yake. Pakua mapitio ya kigezo, na kwa kila wakati unaochora tumia sura ya kigezo iliyokuwa ikifanya kazi wakati huo. Vigezo vya urambazaji mara nyingi ni orodha tupu ya viungo, kwa hiyo uchambuzi wake ni rahisi kuliko wa makala. Orodha ya vigezo vinavyotumika hupatikana kwa prop=templates; ongeza vile vilivyomo ndani ya mapitio ya zamani tu, kwa kuwa vilivyokwisha kuondolewa havitajitokeza humo. Acha vigezo vya tanbihi na vya mbegu, yaani makala fupi zinazosubiri kukuzwa.

Kwa hiyo kila kiungo kilipewa aina moja kati ya tatu: sentensi, sanduku la habari na urambazaji. Sanduku la habari ni lile la kulia juu lenye ramani na idadi ya wakazi. Viungo vyake huandikwa ndani ya maandishi ya makala yenyewe kama thamani za kigezo, na maktaba ya Python iitwayo mwparserfromhell inaweza kutambua kwamba kiungo kiko ndani ya kigezo au nje yake. Msimamo wetu ni thabiti: aina hizi zisichorwe kwa rangi moja, na zisijumlishwe katika hesabu moja.

Kukusanya mapitio

Kwa kila makala ombi linalotumwa kwa API, yaani mlango wa Wikipedia wa kuhudumia programu, ni prop=revisions, likiwa na rvprop=ids|timestamp|sha1|content, rvslots=main na rvlimit=50. Hamsini ndicho kikomo cha mtumiaji wa kawaida anapoomba na maandishi, hivyo makala yenye mapitio 230 huhitaji maombi matano, ukifuata alama ya rvcontinue kila mara. Ukitumia rvlimit taja jina moja tu la makala. Ukiweka mawili seva hurudisha kosa. Tuma ombi moja baada ya jingine, si mengi kwa pamoja, weka maxlag=5, na andika katika kitambulisho cha programu namna ya kuwasiliana nawe. Hifadhi kila jibu kwenye diski kama lilivyokuja kabla ya kulichambua. Intaneti ya kisiwani ikikatika katikati, utaendelea ulipoishia, na uchambuzi ukikosea hutaisumbua seva mara ya pili.

Kwa makala 40 njia hii inatosha. Ukitaka Wikipedia nzima ya Kiswahili, achana na API ukapakue faili za pages-meta-history kutoka dumps.wikimedia.org, zenye mapitio yote ya kurasa zote.

Mapitio mengine yamefichwa maandishi yake na hurudi na alama texthidden. Hapo usiandike kwamba viungo vyote vimekufa. Endeleza vya pitio lililotangulia.

Saa za mapitio ni za UTC, saa tatu nyuma ya Lamu. Hariri iliyofanywa Lamu saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 hurekodiwa saa 23:00 ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Mhariri wa kigezo chetu alifanya kazi kuanzia saa saba hadi saa kumi usiku, na katika mchoro wa mwezi kwa mwezi kazi yake moja ikagawanyika katika miezi miwili. Ongeza saa tatu kwanza, ndipo ugawe miezi.

Kutoka maandishi hadi kiungo

Kila kiungo huandikwa katika mabano mawili ya mraba, na anayeanza hudhani mstari mmoja wa msako unatosha. Hautoshi. Ondoa kwanza maelezo yaliyofichwa na sehemu za nowiki, ambazo mabano yake hayageuzwi viungo. Kata kila kinachofuata alama ya # na mstari wima, geuza alama ya mstari wa chini kuwa nafasi, na herufi ya kwanza iwe kubwa, kwani kwa MediaWiki "utenzi" na "Utenzi" ni ukurasa mmoja. Maelezo ya picha huwa na viungo ndani ya kiungo, na hapo ndipo msako mwepesi huvunjika. Mwparserfromhell huvisoma sawasawa. Majina ya nafasi kama "Jamii", "Kigezo" na "Picha", pamoja na majina yake ya Kiingereza, usiyaandike kwa kukisia. Iulize wiki yenyewe kwa meta=siteinfo, ukiomba namespaces, namespacealiases na interwikimap.

Kiswahili kina shida yake ndogo: alama ya ng'. Kuna aandikaye Mtang'ata kwa alama iliyonyooka na kuna aandikaye kwa ile iliyopinda. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili, na pasipo elekezo, yaani ukurasa unaopeleka jina moja kwenye jingine, mji mmoja huwa nodi mbili, nukta mbili za mchoro. Vivyo hivyo Siu na Siyu, Shella na Shela, au Rasini ambalo ni jina la zamani la Faza. Majina haya yasiunganishwe kwa mkono. Fuata maelekezo yaliyokuwapo wakati huo: kama elekezo la "Siu" lilianzishwa baada ya kiungo, basi kiungo kilikuwa chekundu, yaani cha ukurasa usiokuwapo, mpaka siku hiyo, kisha kikageuka bluu bila makala iliyokibeba kuguswa.

Viungo vyekundu ndivyo tulivyovipenda kuliko vyote katika kazi hii. Wengi huvitupa kwa hoja kwamba haviendi popote. Lakini kiungo chekundu ni mwandishi aliyesema kwamba mahali hapa panastahili makala, na akasema kabla makala haijawapo. Tarehe ya kuzaliwa kwa makala ni tarehe ya pitio lake la kwanza. Kabla yake nodi ichorwe kama duara tupu, baada yake ijazwe rangi. Duara tupu linaloelekewa na mistari mingi kwa muda mrefu linaonyesha pengo ambalo waandishi wenyewe wameliona.

Bado kuna uharibifu. Mtu hufuta makala nzima, kisha mwingine huirudisha, na uhai wa kila kiungo hukatika vipande viwili. Kanuni ya kuziba mianya mifupi kuliko saa 48 hufaa katika Wikipedia kubwa yenye walinzi wengi. Katika wiki ndogo uharibifu unaweza kukaa wiki kadhaa, kwa hiyo tegemea sha1, alama inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi ya pitio: pitio lenye sha1 sawa na pitio la nyuma yake ni urejesho, na mapitio yaliyo katikati huachwa. Yasome kwa macho kabla ya kuyaacha yakiwa zaidi ya matano, maana wakati mwingine urejesho ndio unaofuta kazi njema.

Jina "Lamu"

Lamu ni mji, ni kisiwa, ni kaunti, na ni kundi la visiwa. Makala iliyokuwa na jina fupi inaweza kuhamishiwa jina refu, na jina fupi likawa ukurasa wa maana, yaani orodha ya makala zenye jina hilo. Makala ikihamishwa, historia yake yote na namba yake ya ukurasa huenda nayo, na elekezo linaloachwa nyuma hupata namba mpya. Ukiuliza leo "Lamu" ni nini, ukatumia jibu hilo kwa maandishi ya miaka kumi iliyopita, utapeleka viungo vya mji kwenye kaunti.

Jedwali dogo linatatua hili: jina, namba ya ukurasa, tangu, hadi. Hujazwa kutoka kwenye kumbukumbu za uhamisho kwa list=logevents na letype=move. Kisha kila kiungo hutafutiwa namba iliyolimiliki jina hilo wakati huo. Nodi za mchoro ni namba, si majina. Jina ni lebo tu, na linaweza kubadilika katikati ya mchoro bila nodi kuhama.

Machi 2013

Hapa kuna mtego ambao ungemdanganya hata mtu anayeijua Kenya vizuri. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Mtu angetarajia kwamba kuanzia hapo viungo vya "Wilaya ya Lamu" na "Mkoa wa Pwani" vipungue na vya "Kaunti ya Lamu" viongezeke. Mchoro wa maandishi ghafi ukachorwa, na kuanzia Machi 2013 viungo vikaporomoka kila mahali.

Sababu ni nyingine. Tarehe 6 Machi 2013 Wikipedia zilizokuwa zimebaki, yetu ikiwamo, zilianza kupokea viungo vya lugha kutoka Wikidata, hazina ya data inayotumiwa na Wikipedia zote. Kabla ya hapo kila makala ilibeba mwishoni orodha yake ya viungo kama [[en:Lamu]] na [[fr:Lamu]]; baada ya hapo roboti zikazifuta orodha hizo. Msako usiochuja viambishi vya lugha ulizihesabu kama viungo vya kawaida, kwa hiyo miaka ya 2003 hadi 2012 ilionekana tajiri kuliko ilivyokuwa. Baada ya kuchuja kwa interwikimap mporomoko ulitoweka.

Kuhama kwa kweli kutoka wilaya kwenda kaunti husomeka kwa namna nyingine: ndani ya sentensi ileile kiungo kimoja hufa na kingine huzaliwa katika pitio moja. Hilo ni badiliko la dunia, na mchoro uliweke alama kama mbadala, lisihesabiwe kuwa hasara. Mistari ya wima ya matukio, kama Machi 2012 mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET ulipozinduliwa na Mei 2021 gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa, inamsaidia msomaji kujua yuko wapi. Isitumike kudai sababu, kwani maandishi mara nyingi huchelewa nyuma ya tukio.

Kuchora

Jedwali la mwisho lina safu tano: chanzo, lengo, aina, tangu, hadi. Muda uhesabiwe kwa kujumuisha mwanzo na kuacha mwisho, la sivyo kiungo kilichofutwa na kurudishwa siku moja kitahesabiwa mara mbili. Kutoka hapo faili ya GEXF hutengenezwa kwa ajili ya Gephi, programu ya kuchora mitandao, kila kiungo kikiwa na vipindi vyake ndani ya alama ya spell, na Gephi huvisoma katika mstari wake wa wakati.

Kosa kubwa la kuchora ni kuiacha kompyuta ipange nodi upya kila mwezi. ForceAtlas2, kanuni ya Gephi ya kupanga nodi, ikianza upya, Faza inaruka kutoka kushoto kwenda kulia bila kiungo chake hata kimoja kubadilika, na jicho husoma mruko huo kama habari. Panga mara moja tu, kwa mtandao wa miaka yote pamoja, uzito wa kila kiungo ukiwa idadi ya miezi kiliyoishi. Kisha funga nafasi zote, ukionyesha na kuficha mistari peke yake. Tumia viungo vya sentensi tu katika upangaji. Ukiingiza urambazaji, makala za sanduku moja hujibana katikati kama donge. Makala za "Kenya", za miaka na za tarehe huvuta kila kitu, hivyo ziondolewe kwenye mpangilio, na idadi ya viungo vyake ibaki pembeni.

Wazo la kuziweka nodi mahali pake kwenye ramani ya visiwa lilijadiliwa na kukataliwa. Mwana Kupona, utenzi na majahazi havina latitudo moja, na mtazamaji angesoma umbali kama kilomita.

Mchoro unaosonga, picha 12 kwa mwaka kwa miaka 20, una picha 240, na kwa kasi ya picha 8 kwa sekunde huisha ndani ya sekunde 30. Unafaa kuwaita watu mbele ya skrini. Haufai kujibu swali, kwa kuwa mtazamaji hawezi kukumbuka picha ya 60 akiwa kwenye ya 200. Kilichojibu swali ni mistari ya uhai: ukurasa mmoja kwa kila makala, kila mstari ukiwa makala inayoielekea, miaka ikienda kulia. Bluu nzito ni sentensi, kijani ni sanduku la habari, kijivu hafifu ni urambazaji, na utepe mtupu ni kipindi cha wekundu. Mstari wa milimita 4 husomeka vizuri kwenye karatasi ya A3 iliyosimama, na karatasi moja hubeba takriban mistari 90.

Karatasi hizo zilipotandazwa mezani, makala zilijigawa zenyewe. Zile zenye kijivu kitupu ndizo zilizoonekana zimeunganishwa katika mchoro wa kwanza, kumbe hakuna mwandishi aliyewahi kuzitaja ndani ya maelezo yake. Kwa hizo warsha haikupanga kuongeza masanduku, bali kuandika sentensi zinazobeba uhusiano. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858, na mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Jambo hilo likiandikwa katika makala yake pamoja na kiungo, Siyu inapata mlango kutoka upande wa fasihi. Shanga, ambako wanaakiolojia walifukua mabaki ya misikiti ya kale, inastahili kufikiwa kutoka makala ya Uislamu wa pwani. Zenye tepe tupu ndefu zikawa orodha ya makala za kuanzishwa, kwa mpangilio wa idadi ya sentensi zinazozisubiri. Zenye bluu iliyokatika zilifunguliwa moja moja kwenye historia, kwa sababu kiungo cha sentensi hukatika ama kwa kuwa aya iliandikwa upya vizuri zaidi, ama kwa kuwa mtu aliifuta, na mstari peke yake hauwezi kutofautisha.

Kusasisha hakuhitaji kuanza upya. Kila mwezi omba mapitio yaliyo baada ya yale ya mwisho uliyohifadhi, ya makala na ya vigezo pia, soma kumbukumbu za uhamisho za mwezi huo, kisha uongeze mistari kwenye jedwali. Nafasi za nodi zisiguswe. Makala mpya iwekwe karibu na zile zinazoielekea kwa sentensi, na mpangilio mzima upangwe upya mara moja kwa mwaka, tarehe yake ikiandikwa kwenye kona ya karatasi.